Machozi Yako Yana Dawa: Venye Jicho Lililochubuka Hujirekebisha, na Kwa Nini Matone ya Ganzi Yanaweza Kukupofusha

Kama umewahi kuchapa kazi karibu na fundi wa kuchomelea vyuma, hii stori unaijua. Saa sita mchana umesimama hapo ukimshikia geti. Miwani ya kazi ni moja na ameivaa yeye, kwa hivyo wewe unakunja macho tu. Husikii chochote. Unamaliza, unalipwa, unarudi keja, unakula, unalala.

Halafu saa sita usiku unaamka ukilia kama mtoto. Macho yanawaka kama yamemwagiwa mchanga na pilipili. Hata mwanga wa simu huwezi kuutazama.

Asubuhi ushauri unaanza kumiminika ploti nzima. Jirani wa kwanza anasema kata kiazi kibichi uweke juu ya macho. Wa pili anasema tafuta mama anayenyonyesha akudondoshee maziwa. Wa tatu, yule msee ambaye amepitia kila kitu hapa duniani, anakuambia enda kemisti uulizie ile dawa ya ganzi. Matone mawili tu, buda, utasahau kama una macho.

Siku mbili tatu zikipita, wengi hupona, na kila jirani anabaki akiamini dawa yake ndiyo iliyofanya kazi. Ukweli ni kwamba mara nyingi aliyekuponya ni wewe mwenyewe. Machozi yako yalikuwa na dawa tayari. Na kati ya wale washauri watatu, mmoja angeweza kukuacha kipofu. Wacha tubonge hiyo stori polepole, juu iko na sayansi tamu ndani yake.

Kioo cha mbele kinachojirekebisha

Ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, iliyo juu ya rangi nyeusi au kahawia, inaitwa konea. Ifikirie kama kioo cha mbele cha matatu. Mwanga wote unaoingia jichoni lazima upitie hapo. Ni nyembamba ajabu, unene wake ni kama nusu milimita tu. Juu yake kuna ngozi laini yenye tabaka tano hadi saba za seli, na hiyo ndiyo hupigwa kwanza na vumbi, kucha, cheche za grainda, mdudu ukiwa kwa boda, au ule mwanga mkali wa kuchomelea.

Mwanga wa kuchomelea una miale ya ultravioleti, ileile ya jua lakini kali zaidi na karibu zaidi. Unazichoma zile seli za juu, lakini haziangushi papo hapo. Huchukua saa kadhaa, mara nyingi sita hadi kumi na mbili, ndipo seli zianze kubanduka na neva zilizo chini yake zibaki uchi. Ndiyo maana unachomwa mchana na unalia usiku. Na kilio si cha bure. Konea ni kati ya sehemu zenye neva nyingi zaidi mwilini, na hata kovu dogo lisiloonekana kwa macho ya kawaida hukufanya ushindwe kufikiria kitu kingine.

Sasa hapa ndipo maajabu yanaanza. Tofauti na kioo cha mat, hiki hujirekebisha. Ndani ya saa chache baada ya mchubuko, seli zilizo kando ya kidonda huachilia pale zilipokuwa zimejishika, zinajilaza bapa na kuanza kuteleza kuelekea katikati, kama watu wanaosongea kwa siti kuziba nafasi. Zikishafunika kidonda, zinagawanyika ili kurudisha unene. Mwishowe zinajibana chini ili zisibanduke tena. Mchubuko mdogo hufungwa ndani ya siku moja hadi tatu.

Lakini shika hili: kufunga si kushika. Ile kazi ya seli kujibana vizuri chini huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine hata zaidi. Ndiyo maana kuna mtu hukwaruzwa na ukucha wa mtoto, anapona, halafu wiki kadhaa baadaye anafungua macho asubuhi na ile ngozi mpya inang'oka na kope. Maumivu yanarudi mwanzo.

Nani huziambia seli zisonge?

Seli hazina akili ya kuamua tu kwamba leo tutasonga. Lazima zipate ujumbe. Ujumbe huo hubebwa na protini ndogo zinazoitwa vichocheo vya ukuaji. Kila seli ina vitu kama kufuli kwenye uso wake, na kila kichocheo ni kama ufunguo. Ufunguo ukiingia kwa kufuli yake, seli inapokea amri: songa, gawanyika, jishike, usife.

Sehemu nyingine za mwili hupata vichocheo hivi kupitia damu. Ukijikata kidole, damu hufika pale na mizigo yote ya ukarabati. Lakini konea haina mishipa ya damu, kwa sababu ingekuwa nayo usingeona vizuri. Kwa hivyo inategemea njia mbili kubwa. Ya kwanza ni machozi. Tezi za machozi hutoa kichocheo kiitwacho EGF, ambacho kazi yake ni kuhimiza seli za ngozi ya juu zikue na kusonga. Ya pili ni neva zenyewe. Zile neva zinazokuliza usiku pia huilisha konea kwa kemikali zinazoiweka hai, na ndizo huamrisha machozi yatoke na kope zipepese.

Kwa hivyo wakati jicho linauma na kutoa machozi kama bomba lililopasuka, hilo si tatizo peke yake. Hiyo pia ni gari ya wagonjwa imefika.

Msichana wa Torino na panya waliofungua macho mapema

Hii sayansi ilianzia pahali pa ajabu. Rita Levi-Montalcini alizaliwa mwaka 1909 jijini Torino, Italia. Alisomea udaktari, lakini mwaka 1938 serikali ya Mussolini ikapitisha sheria za ubaguzi zilizowafungia Wayahudi kazi za chuo kikuu. Rita alikuwa Myahudi. Badala ya kukunja mikono, aligeuza chumba chake cha kulala kuwa maabara. Alitumia sindano za kushonea alizozinoa na mayai ya kuku, akichunguza venye neva za kifaranga hukua ndani ya yai.

Vita vilipoisha alihamia St. Louis, Marekani, mwaka 1947. Huko aligundua kwamba kuna kitu kinachotoka kwenye uvimbe fulani wa panya ambacho hufanya neva kuchipuka kwa fujo. Mwanakemia Stanley Cohen akajiunga naye ili wajue hicho kitu ni nini. Katika majaribio yao walitumia sumu ya nyoka kama zana tu ya maabara, wakashangaa kukuta sumu yenyewe imejaa kile kitu kuliko uvimbe. Wakafikiria: tezi za sumu za nyoka ni ndugu wa tezi za mate. Je, mate ya panya? Wakaangalia tezi za mate za panya dume, na huko wakaupata mgodi. Kile kitu kikaitwa NGF, kichocheo cha ukuaji wa neva.

Halafu Cohen akaona jambo lingine. Alipowadunga panya wachanga mchanganyiko kutoka kwenye zile tezi, walifungua macho baada ya karibu wiki moja, wakati kawaida huchukua karibu wiki mbili. NGF pekee haingefanya hivyo. Msee mwingine angesema ni bahati tu na kuendelea na mambo yake. Cohen alifuatilia, na mwaka 1962 akachapisha taarifa ya protini nyingine iliyokuwa ikikomaza ngozi haraka. Hiyo ndiyo EGF, ileile iliyo kwenye machozi yako. Mwaka 1986 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Rita aliishi hadi mwaka 2012 akiwa na miaka 103.

Kutoka kwa mate ya panya hadi kwa chupa

Ukisikia EGF huponya ngozi ya jicho, unafikiria kitu kimoja: si waiweke kwa chupa tuweke matone? Walijaribu. Tatizo ni kwamba mchubuko wa kawaida hupona wenyewe kwa siku chache. Hata ukiupatia kichocheo cha ziada, hakuna nafasi kubwa ya kuharakisha. Ni kama kumsukuma mtu ambaye tayari anakimbia.

Walio na shida ya kweli ni wale ambao jicho lao limeacha kujirekebisha. Na wengi wao wana kitu kimoja: neva za konea zimekufa. Inaweza kuwa ni virusi vya herpesi vilivyoingia jichoni, au mkanda wa jeshi uliopanda usoni, au kisukari cha miaka mingi, au upasuaji uliokata neva. Huyu mtu hasikii maumivu. Unaweza kugusa konea yake kwa uzi wa pamba asipepese. Unaweza kudhani ana bahati, lakini manze, hiyo ni hatari tupu. Bila neva hakuna ujumbe, machozi yanapungua, kupepesa kunapungua, na kidonda kidogo kinakaa wazi wiki baada ya wiki hadi konea inayeyuka na kutoboka.

Mwaka 1998 madaktari wa Italia walichapisha matokeo ya kuwapa watu wa aina hii matone ya NGF iliyotolewa kwa tezi za mate za panya. Walikuwa wagonjwa 12, macho 14. Vidonda vyote vilifunga, vingine ndani ya siku 10, vingine wiki sita. Baadaye kampuni ya Italia iitwayo Dompé ikatengeneza NGF ya binadamu kwa kutumia bakteria waliowekewa maelekezo ya kuizalisha. Dawa hiyo inaitwa cenegermin, na jina lake la dukani ni Oxervate. Ulaya iliipitisha mwaka 2017, Marekani ikafuata mwaka 2018.

Katika majaribio mawili yaliyotumiwa kuipitisha Marekani, yenye wagonjwa 151, asilimia 70 ya waliopewa dawa konea zao zilifunga kabisa ndani ya wiki nane. Kwa wale waliopewa matone yasiyo na dawa ilikuwa asilimia 28. Unaweka tone mara sita kwa siku, kila baada ya saa mbili, kwa wiki nane.

Sasa bei. Keti chini kwanza. Nchini Marekani, tiba nzima ya jicho moja ilikaribia dola 100,000. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 12. Hiyo ni ploti, nyumba na mat ya kuanzia.

Dawa ya bei ya chini iko kwa mkono wako

Kabla hujakata tamaa, kuna njia nyingine ambayo imekuwepo tangu miaka ya 1980. Damu yako mwenyewe ina vichocheo vilevile: EGF, NGF, vitamini A na protini zinazosaidia seli kujishika. Daktari anakutoa damu, inaachwa igande, kisha inazungushwa kwa mashine kwa kasi hadi chembe nyekundu zinakaa chini na majimaji ya manjano yanabaki juu. Majimaji hayo ni seramu. Yanachanganywa na maji ya chumvi safi ya hospitali, mara nyingi seramu iwe sehemu moja kwa nne za maji, halafu yanawekwa kwa vichupa.

Unayatumia kama matone mara kadhaa kwa siku. Kwa kidonda kilichogoma kupona au jicho kavu sana, madaktari wengi huyatumia wakati tiba za kawaida zimeshindwa. Utafiti unaonyesha yanasaidia baadhi ya watu, lakini si kila mtu, na si muujiza.

Kuna kitu cha kuchunga hapa. Seramu haina kemikali za kuhifadhi, kwa hivyo bakteria huipenda kama sisi tunavyopenda chipo mwitu. Lazima damu ipimwe magonjwa, itayarishwe mahali safi, vichupa vikae kwa friza, na kile unachotumia kikae kwa friji na kutupwa mapema kama ulivyoelekezwa. Kwa hivyo usione hii stori halafu ujidunge sindano ukiwa keja. Hii ni kazi ya hospitali ya macho yenye maabara. Ukiwa na kidonda kisichopona, uliza daktari wako kama anaifanya au anajua pa kukutuma.

Mahali vichocheo hugonga mwamba

Vichocheo ni ujumbe, na ujumbe unahitaji mtu wa kuupokea. Pale konea inapokutana na weupe wa jicho kuna ukingo mwembamba ambapo seli mama huishi. Hizo ndizo huzaa ngozi mpya ya konea maisha yako yote. Zikifa, hata uweke EGF ya dunia nzima, ni kumwagilia maji shamba lisilo na mbegu.

Kinachoua seli mama haraka ni kemikali, hasa chokaa, simenti mbichi, magadi makali ya kutengenezea sabuni na dawa za kuzibua mifereji. Watu huogopa asidi, lakini hizi ndizo mbaya zaidi mara nyingi. Asidi hugandisha ngozi ya juu na ule ugando huizuia isiingie sana. Chokaa na magadi huyeyusha mafuta ya seli na kuendelea kuzama ndani.

Kwa watu kama hao, Ulaya ilipitisha mwaka 2015 tiba iitwayo Holoclar. Madaktari huchukua kipande kidogo sana cha ule ukingo uliobaki mzima, wanakikuza kwa maabara hadi kiwe karatasi ya seli, kisha wanakipandikiza jichoni. Ilikuwa dawa ya kwanza ya seli mama kuruhusiwa huko. Lakini kwa fundi wa mjengo aliyemwagikiwa na simenti leo, tiba kubwa kuliko zote ni maji yaliyo karibu, dakika hiyohiyo.

Turudi kwa majirani watatu

Kiazi kibichi: baridi yake inaweza kukupoza kidogo, lakini kina mchanga na bakteria. Kitambaa safi kilicholowa maji baridi, juu ya kope zilizofungwa, hufanya kazi ileile.

Maziwa ya mama: hapa shosh hakuwa amepotea kabisa, kwani maziwa ya mama kweli yana EGF. Shida ni kwamba pia hubeba bakteria, na kidonda cha konea ni mlango wazi. Vivyo hivyo kwa mate na ile tabia ya kutoa kitu jichoni kwa ulimi. Kichocheo kipo, lakini kimekuja na wezi kwa gari moja.

Matone ya ganzi: huyu jirani ndiye wa kuogopa. Daktari hutumia ganzi tone moja tu ili akuchunguze. Ukienda nayo nyumbani na kuiweka kila saa, inatia sumu zile seli zinazojaribu kusonga, inapunguza kupepesa na machozi, na inanyamazisha neva. Yaani unajitengenezea ule ugonjwa wa jicho lisilo na neva, ule unaotibiwa kwa milioni 12. Kidonda kinapanuka huku wewe unajiona uko fiti. Watu wamepoteza jicho hivyo.

Na kuna jirani wa nne ambaye hakuongea: matone yenye steroidi, yale ambayo hung'arisha jicho jekundu haraka. Kama kuna kuvu au virusi kwa kidonda, steroidi inawafungulia geti. Usichukue dawa ya jicho kwa sababu iliwahi kumsaidia mtu mwingine.

Ukiumia leo, fanya hivi

Kemikali ikiingia, usitafute dawa wala usipige simu kwanza. Maji safi, kwa wingi, angalau nusu saa, ukifungua kope na kuzungusha jicho. Toa vipande vya simenti au chokaa. Halafu hospitali.

Kitu kikikwama au kikichoma jicho, usikifikiche na usikichokoe. Kama kimezama ndani, kifunike kwa kitu kisichogusa jicho, mfano kikombe cha karatasi, na uende.

Ukichomwa na mwanga wa kuchomelea, kaa gizani, tumia kitambaa baridi, meza dawa ya kawaida ya maumivu, na toa lenzi kama unazivaa. Isipopungua ndani ya siku moja au mbili, enda ukaonwe.

Enda mara moja ukiona doa jeupe juu ya konea, usaha, kuona kumefifia, au ulijeruhiwa na jani, mti au kucha. Na kama una kisukari au uliwahi kuugua mkanda wa jeshi usoni, jicho jekundu lisilouma si habari njema. Hiyo pia ni ya daktari.

Miwani ya kazi ya kuzuia cheche si bei ya kukutoa jasho, ila hakikisha ya kuchomelea ina kioo cheusi kinachofaa kazi hiyo. Fundi akikuambia ushikilie geti, muulize kwanza: yangu iko wapi?

Jicho lako lina mafundi wake, na mafundi hao wana ujumbe wao. Kazi yako ni kutowakatia laini. Mtumie hii yule msee wako wa jua kali kabla hajaamka saa sita usiku.